Kumfundisha Mtoto Kupanda Baiskeli

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huonekana dogo, nalo si dogo: namna ya kumfundisha mtoto kupanda baiskeli hata awe mpandaji hodari, asiye na hofu wala kiburi. Twasema hasa na watu wa Njombe na Makambako, maana nchi yao ina milima, baridi, matope na barabara kuu. Mtoto aliyejifunza vema katika nchi kama hiyo aweza kupanda baiskeli mahali po pote.

Wengi wetu tulifundishwaje? Kaka alitupandisha juu ya baiskeli kubwa ya baba, akaishika nyuma kwenye keria, akaisukuma mbio, kisha akaiachilia bila kutuambia. Tulipogeuka tukamwona yu mbali, anacheka. Na papo hapo tukaingia katika miti. Baadhi yetu tuliinuka, tukapanda tena, tukajua. Wengine waliiacha baiskeli pale pale, wasiiguse tena mpaka leo. Lakini hata sisi tuliojua, tulijua kwenda kabla hatujajua kusimama, na hilo ndilo kosa lenyewe. Neno letu la leo ni moja: mtoto na afundishwe kusimama kwanza, ndipo afundishwe kwenda. Ushujaa wa mpandaji hautoki katika mbio. Hutoka katika kujua hakika kwamba atakapo kusimama, atasimama.

Faida yake na hatari yake

Mtoto akaaye kilomita 5 kutoka shuleni hutembea saa moja na zaidi. Akipanda baiskeli katika njia iliyo tambarare hufika kwa muda wa dakika 25 hivi, naye huingia darasani hajachoka. Jioni hurudi kungali mchana, akasaidia kazi za nyumbani, akasoma. Faida hii ni ya wasichana sawasawa na wavulana, tena pengine kwao ni kubwa zaidi, kwa kuwa njia ndefu na giza humtia msichana katika mashaka mengi. Basi mzazi asiseme kwamba baiskeli ni kazi ya wavulana. Vazi laweza kukunjwa lisiguse mnyororo. Ujinga ndio usiokunjika.

Lakini hatari ipo, nayo hutofautiana mahali na mahali. Mji wa Njombe umeinuka karibu mita 2,000 juu ya bahari, na njia zake hupanda na kushuka. Makambako uko umbali wa kilomita 60 hivi upande wa kaskazini, na nchi yake ni pana zaidi yenye upepo mwingi. Hapo ndipo barabara itokayo Njombe na Songea ikutanapo na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia, na malori hupita mchana na usiku. Basi mtoto wa Njombe adui yake ni mteremko. Mtoto wa Makambako adui yake ni lori na upepo. Na dawa ya wote wawili ni moja, yaani kuimiliki baiskeli.

Kwa nini baiskeli haianguki

Kabla ya kufundisha, yafaa mwalimu aelewe kwa nini chombo chenye magurudumu mawili hakianguki. Mwambie mtoto asimamishe ufito mrefu juu ya kiganja chake. Ufito ukiinama huku, mkono huufuata huku huku, nao husimama tena. Baiskeli ni vivyo hivyo. Ikiinama kushoto, mpandaji huuelekeza usukani kushoto kidogo, na magurudumu huingia tena chini ya uzito wake. Aliyezoea hufanya hivi kila mara bila kufikiri.

Katika jambo hili twapata mafundisho matatu. La kwanza, mwalimu asishike usukani, maana akiushika humnyima mtoto kile kile anachotaka kumfundisha. La pili, baiskeli iendayo polepole mno huyumba. Hutaka mwendo kidogo, kama wa mtu aendaye kwa haraka, ili usukani upate kufanya kazi yake. La tatu, magurudumu madogo ya pembeni, yafungwayo katika baiskeli za watoto, hayafundishi kukaa sawa, kwa kuwa huizuia baiskeli isiiname kabisa. Siku yanapofunguliwa mtoto huwa kama anaanza upya.

Historia nayo yatuonyesha njia. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Mjerumani aitwaye Karl Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, wala hakikuwa na pedali. Mpandaji alikaa juu yake akaisukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja katika miaka ya 1860, huko Ufaransa, zikatiwa katika gurudumu la mbele. Basi watu walijua kukaa sawa juu ya magurudumu mawili miaka zaidi ya 40 kabla ya kuzoea kukanyaga pedali. Nasi tumfundishe mtoto kwa taratibu hiyo hiyo.

Baiskeli iliyo kipimo chake

Baiskeli ya kujifunzia iwe ndogo. Mtoto akiketi juu ya kiti, nyayo zake zote mbili ziguse chini, na vidole vyake vifike kwenye vishikio vya breki bila taabu. Twajua ya kuwa nyumba nyingi zina baiskeli moja tu, tena ile kubwa ya kubebea mahindi na viazi. Watoto huipanda kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, mwili ukining'inia upande mmoja. Hatuwalaumu, maana wamefanya akili. Lakini mtoto aliyekaa hivyo hawezi kuishika breki kwa nguvu, wala hawezi kuweka mguu chini upesi. Asiende hivyo mteremkoni wala barabarani.

Ni afadhali nyumba tano au sita zichange, zinunue baiskeli ndogo moja iliyokwisha kutumika, ipite mkono kwa mkono. Mtoto hana haja ya kuipanda kutwa. Robo saa kila siku yatosha, na mara nyingi humfaa kuliko saa tatu za siku moja. Mmoja anapopanda, wengine watazame. Nao hujifunza kwa macho.

Kabla ya kila somo ichunguzwe baiskeli yenyewe. Mipira iwe na upepo wa kutosha, hata kidole kikiikandamiza isibonyee sana. Mipira hii ya upepo nayo ilianza kwa ajili ya mtoto: John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, aliitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akaiandikisha mwaka 1888. Tena usukani usilegee, nati za magurudumu zikazwe, mnyororo usiwe mlegevu, na raba za breki ziguse rimu sawasawa, zisiguse mpira.

Somo la kwanza: kukokota na kusimamisha

Siku ya kwanza mtoto asipande. Aikokote baiskeli, akitembea upande wake wa kushoto, mikono yote miwili juu ya usukani. Aizungushe uwanja, aipitishe kati ya mawe, aigeuze, airudishe. Hapo atajua uzito wake na namna inavyotaka kuanguka.

Kisha mwambie ashike breki moja, aone ni gurudumu lipi linalozuiwa. Kisha ashike ya pili. Asiambiwe tu, ajionee mwenyewe, kwa kuwa baiskeli zote hazikufungwa namna moja. Akiishika breki ya mbele kwa ghafula ataona gurudumu la nyuma lataka kuinuka. Basi ataelewa kwa nini twasema breki zote mbili zishikwe pamoja, kwa nguvu inayoongezeka kidogo kidogo, wala si kwa kushtua. Chora mstari ardhini, umwambie akokote mpaka hapo na gurudumu la mbele lisimame juu ya mstari. Ni mchezo, nao ni somo kubwa kuliko yote.

Somo la pili: kwenda bila pedali

Sasa ziondolewe pedali. Hapa wengi huharibu vyombo kwa kutojua. Pedali ya kuume hufunguliwa kwa kuzungusha spana kinyume cha mwendo wa mshale wa saa, kama nati nyingine. Lakini pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande uendako mshale wa saa. Asiyejua hili huikaza zaidi na zaidi, akadhani imeshika kutu.

Tafuta uwanja wenye majani mafupi na mwinamo mdogo, ambao baiskeli ikiachwa hushuka taratibu, kisha husimama yenyewe chini. Uwanja wa shule baada ya masomo wafaa sana, ikiwa mwalimu mkuu ametoa ruhusa. Kiti kishushwe. Mtoto aketi, asukume ardhi kwa miguu, hatua moja moja, kisha hatua ndefu, kisha ainue miguu yote miwili. Ahesabu kwa sauti anavyokwenda: moja, mbili, tatu. Leo atafika tatu, kesho sita. Akifika kumi bila kugusa chini, akashika breki, akasimama pale alipotaka, amekwisha kujua kilicho kigumu.

Macho yake yatazame mbele, hatua kumi au zaidi, wala yasitazame gurudumu. Mpandaji huelekea anakotazama. Akikazia macho jiwe, atalipiga jiwe lile lile.

Mtoto mwenye hofu sana asaidiwe kwa kanga. Ipitishwe kifuani chini ya makwapa, na ncha zake zishikwe nyuma na mwalimu anayetembea naye. Hivyo mtoto hazuiwi asiyumbe, ila huzuiwa asianguke vibaya. Na usukani unabaki mikononi mwake. Wala usimwache kwa hila. Mwambie, 'Sasa nalegeza,' naye akubali. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatakuamini mara ya pili, na mwanafunzi asiyemwamini mwalimu wake hukaza mikono, na mikono iliyokazwa haiwezi kuongoza baiskeli.

Somo la tatu: pedali na michezo

Pedali zirudishwe. Mtoto asimame na mguu mmoja chini. Pedali ya mguu wa pili iwe juu, imeelekea mbele kidogo. Aikanyage kwa nguvu moja, na nguvu ile impe mwendo wa kutosha kukalia kiti na kuipata pedali ya pili. Akizoea, kiti kiinuliwe polepole, mpaka ncha za vidole vya miguu ndizo ziguse chini.

Baada ya hapo msimwache azunguke tu ovyo. Wekeni magunzi ya mahindi katika mstari, apite akizunguka huku na huku. Shindaneni katika mwendo wa polepole, ambamo mshindi ni yule afikaye mwisho pasipo kuweka mguu chini. Mtu mmoja asimame nyuma, ainue vidole. Mtoto atazame nyuma juu ya bega, aseme ni vidole vingapi, na baiskeli isiiache njia yake. Kisha aache mkono mmoja, aunyoshe kuonyesha anakotaka kugeukia. Michezo hii si upuzi. Barabarani, mtoto asiyeweza kutazama nyuma bila kuyumba hujiingiza mwenyewe mbele ya gari.

Mteremko, matope na baridi

Sasa twaja kwenye jambo la Njombe. Mteremko ambao juu yake na chini yake vyatofautiana kwa mita 5 tu waweza kumpa mtoto asiyeshika breki mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 kila sekunde. Kwa hiyo mtoto asingoje mwendo ukue ndipo aushike. Aanze kushika breki juu, kabla ya kushuka, na mwendo ule wa juu ndio aufikishe chini. Ajifunze kwenye mteremko mfupi, kisha mrefu kidogo; na mteremko ambao hajaushuka kwa kukokota asiushuke kwa kupanda. Kukokota si aibu. Hata mtu mzima mwenye mzigo wa viazi hukokota.

Wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili hivi, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na rimu zilizolowa hazishikwi vema na raba za breki. Mtoto na ashike breki mapema zaidi, kidogo kidogo, na asigeuke kwa ghafula. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali na mara nyingine ukungu. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Avae soksi mikononi ikiwa hana glavu, kisha ajaribu breki kabla ya kuondoka nyumbani.

Barabara kuu

Kwa Makambako neno letu ni kali. Barabara kuu si mahali pa kujifunzia, wala mtoto mdogo asiipande peke yake hata akiwa hodari uwanjani. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja tu kufahamu kwamba mtoto yu mbele yake, gari limekwisha kwenda mita 14 kabla mguu wake haujagusa breki, na lori lenye shehena huhitaji nafasi kubwa zaidi kusimama. Yapo mambo ambayo ushujaa wa mtoto hauyawezi.

Basi mzazi apite kwanza njia yote ya shuleni pamoja na mtoto, achague vijia vya nyuma ya nyumba hata vikiwa virefu. Penye kuvuka barabara, mtoto ashuke, atazame kuume, kushoto, na kuume tena, kisha akokote. Anapopanda, akae upande wa kushoto, aende mstari mmoja, asipande wawili wawili. Lori likipita, upepo wake kwanza humsukuma mtu, kisha kama kumvuta. Na upepo wa Makambako huongeza juu yake. Asikiapo lori kubwa laja, ashuke kando angoje. Asishike kamwe nyuma ya lori ili avutwe mlimani. Wakubwa wafanyao hivyo huwafundisha watoto kifo. Penye ukungu na giza baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na mtoto avae nguo ya rangi inayong'aa. Kofia ngumu ya baiskeli, ikipatikana, ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda wake ufungwe kidevuni; kichwa hakina kiraka.

Mtoto akianguka

Hapana budi ataanguka. Waswahili husema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Msimcheke, wala msimpigie makelele, wala msimlazimishe kupanda tena papo hapo. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Akiwa amegonga kichwa, kisha akatapika, au akasinzia isivyo kawaida, au akasema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja kesho. Ikiwa ni mchubuko tu, mwulizeni, 'Unaonaje, nini kilikuangusha?' Mtoto awezaye kueleza sababu ya kuanguka kwake amekwisha kupata dawa yake.

Neno letu la mwisho ni kwenu, wanafunzi mlio wakubwa, maana mara nyingi si baba wala mama afundishaye baiskeli, bali ni ninyi kwa wadogo zenu. Mdogo wako akiomba umfundishe, usimpeleke juu ya mlima umwachilie ili ucheke. Mpeleke uwanjani, chora mstari ardhini, umwambie asimame juu yake. Akiweza kusimama apendapo, mpe njia. Ataipanda milima ya Njombe bila wewe, nawe utalala bila wasiwasi.